Roketi Mnayo, Mpini Je?

Mpwa wangu ameshaamua: dunia ikiisha, mimi nitakufa wa kwanza. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anatafuna muhogo wangu, amekalia kiti changu, laptopu yake imechomekwa kwa stima yangu. "Mjomba, wewe huna bild." Bild ni nini? Sikuuliza. Mtu mzima akiuliza kila kitu ataonekana hajui chochote. Ni kweli sijui chochote, lakini si lazima itangazwe.

Kijana anasoma Mombasa. Wamefunga, akaja huku kwetu Tarasaa kupumzika. Kupumzika kwenyewe ni gemu. Asubuhi gemu, mchana gemu, usiku gemu mpaka mita ianze kulia inataka token. Na token ananunua nani? Tuendelee.

Gemu inaitwa Fallout. Ya kwanza ilitoka Oktoba 1997. Wewe kumbuka Oktoba 1997 tulikuwa wapi. El Niño ndiyo inabisha hodi, Mto Tana unajiandaa kuingia majumbani, watu wanatafuta pa kupandisha mahindi, na kule Marekani kuna wenzetu wameketi na kahawa wanatunga mwisho wa dunia wa kuchezea. Hadithi yao ni hii: mwaka 2077 mabomu ya nyuklia yanaanguka, kila kitu kinaungua, kisha waliosalia na vitukuu vyao wanazurura vumbini wakipigana kwa vyuma walivyookota.

Nikaanza kutazama. Nikanogewa. Halafu nikaanza kukasirika. Maana bomu la nyuklia silijui, laptopu siijui, lakini chuma kilichookotwa nakijua. Nimezaliwa katikati ya vyuma vilivyookotwa. Mlango wa banda langu la kuku ni boneti ya Peugeot. Peugeot yenyewe sijawahi kuiona.

Mama watoto alipita na ungo, akasimama nyuma yetu. Kwenye kioo kulikuwa na nyumba. Makopo chini, karatasi chini, mifupa ya mtu imekaa kwenye kochi, na mtu mzima mwingine kaketi kando ya mifupa anakunywa soda.

"Hiyo vita imeisha jana?"

"Hapana, anti. Hii inachezwa mwaka 2277. Ni miaka 200 baadaye."

"Miaka 200 hakuna hata mmoja aliyeshika ufagio?"

Akaenda zake. Mimi nikacheka. Nikaambiwa nikafagie uwanja.

Nikiwa nafagia nikapata swali langu mwenyewe. Silaha anayoipenda mpwa wangu ni gongo la besiboli. La mbao. Limelala kwenye mabaki ya nyumba miaka 200, analiokota, anaua nalo. Sasa ndugu yangu, mbao na miaka 200? Mchwa wa Marekani walikufa wote kwa bomu? Mimi nina mlango wa mbele. Nilinunua kwa pesa ya mbuzi. Mchwa wameula kutoka chini kwenda juu, saa hizi kuku wanapita chini yake bila kuinama. Mbao ya Tarasaa haingoji mwisho wa dunia. Mafuriko yakipita mara moja, mchwa wakafuata, gongo lako ukilinyanyua linabaki unga mkononi na harufu ya udongo.

Nikamwambia. Akasema, "Mjomba, ni gemu." Hili ndilo jibu lake la kila kitu. Lakini ukimwambia Tana ina mamba wanaokula watu anataka ushahidi.

Hilo gongo halijatosha. Kwenye Fallout ya nne, ya mwaka 2015, unaliboresha. Unalipiga misumari. Unalizungushia mnyororo. Mimi nimepiga misumari maishani. Ukipiga karibu na ncha ya mbao, mbao inapasuka. Nimepasua vitanda viwili namna hiyo, na kimoja tulikuwa tumeshalalia. Hata isipopasuka, msumari unaingia kwenye kitu kigumu na hautoki. Umempiga adui, gongo limenasa, sasa mnavutana. Mwenzake anakuja nyuma. Utamwambia asubiri?

Sikatai kwamba imewahi kufanyika. Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, askari waliokuwa kwenye mahandaki kule Ufaransa na Ubelgiji walitengeneza marungu ya misumari wakavamiana nayo usiku kimyakimya. Yapo kwenye makumbusho mpaka leo. Lakini hao walikuwa na karakana nyuma yao, na maseremala wa jeshi, na mbao mpya. Na hata wao, rungu lilikuwa la dakika chache za gizani. Hakuna aliyetembea nalo nchi nzima akiokota pointi.

Halafu kuna upanga wa moto. Huu uko kwenye Fallout ya tatu, ya 2008, wanauita Shishkebab, unaunda mwenyewe. Vifaa ni hivi: kisu cha mashine ya kukata nyasi, tangi la mafuta la pikipiki, breki ya mkono ya pikipiki, na kile kimoto kidogo cha kuwashia jiko la gesi. Tangi unabeba mgongoni. Ukibana breki, upanga unawaka.

Haya tuanze. Mashine ya kukata nyasi Tarasaa iko wapi? Huku nyasi zinakatwa na ng'ombe, na ng'ombe wana wenyewe, na wenyewe hawapendi mchezo. Tangi? Nilimuuliza kijana wa boda pale steji kama anaweza kuniazima tangi. Kuuliza tu. Aliwasha pikipiki akasogea mbele kidogo, akaanza kunong'ona na wenzake huku wananitazama. Mpaka leo nikifika steji kila mtu anafunika tangi lake kwa goti. Na mafuta je? Mwaka 2023 petroli ilipita shilingi 200 lita. Kwa bei hiyo huwashi upanga. Unamwambia adui ashike hapo, unahesabu sarafu. Na tangi liko mgongoni mwako, na moto uko mkononi mwako, na katikati ni wewe.

Kuna na nyundo. Super Sledge. Nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, nyuma yake wamefunga roketi. Mimi nimeshika nyundo ya mawe, ile ya kilo sita. Nilipewa kibarua cha kuvunja jiwe. Pigo la kwanza niligonga jiwe. La pili niligonga kando ya jiwe. La tatu msimamizi alinipa kazi ya kuchota maji pamoja na watoto. Wale mashujaa wa zamani wa Ulaya unaowaona kwenye picha wamevaa chuma mwili mzima, nyundo zao za vita zilikuwa na vichwa vidogo, vyepesi kuliko unavyodhani. Upanga wao wa mikono miwili kwa kawaida ni kama kilo moja na nusu hivi. Hawakuwa wajinga. Kitu kizito ukikikosesha kinaendelea na safari, nawe unakifuata. Sasa ongeza roketi. Ukimkosa adui pale Minjila unatafutwa Garsen.

Na usinitajie msumeno wa kukimbia nao. Wanao kwenye gemu, mdogo wa mkono, unaitwa Ripper. Pawasoo, huo msumeno wa mnyororo, tunaijua, tunaona wapasua mbao. Inataka petroli, inataka oili ya mnyororo, inataka kunolewa, inataka kutukanwa ndipo iwake. Na wale mafundi wanaojali maisha yao huvaa suruali maalumu ambayo ndani imejazwa nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa, nyuzi zinavutwa, zinajisokota, mashine inakaba papo hapo. Yaani adui yako hahitaji ngao. Anahitaji blanketi nzuri.

Ukweli ni kwamba mtu aliyesoma shule ya Kenya hahitaji kufundishwa silaha ya kuokoteza. Sisi tulibeba slasha. Bapa la chuma, limekunjwa kwa ncha, limenolewa pande mbili, mpini wa kijiti ama wa matambara. Ukichelewa, slasha. Ukiongea lugha ya nyumbani, slasha. Hujafanya kitu lakini nyasi ni ndefu, slasha. Darasa zima limejipanga uwanjani, kila mtoto na chuma chake chenye makali, mwalimu ana fimbo moja ya mwarobaini, na bado sisi ndio tulimwogopa yeye. Mpaka leo nawaza hesabu hiyo.

Ama nenda mjini usiku umtazame bawabu wa geti. Ana rungu, na kwenye kichwa cha rungu amepachika nati kubwa ya lori. Basi. Uzito kidogo, uko mbele unapotakiwa, na kijiti kinachoshikika vizuri kwa mkono mmoja ili mkono wa pili ushike kikombe cha chai. Hiyo ndiyo silaha ya mabaki iliyofikiriwa na mtu mwenye akili, na ilifikiriwa bila bomu lolote kuanguka.

Mimi hiyo akili sikuwa nayo. Mimi nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea na paipu ya maji na sproketi ya nyuma ya pikipiki. Nilikuwa na sababu. Nyani wamenikalia mahindi. Nikaona, mbona nisitumie elimu niliyopata kwa hisani ya stima yangu mwenyewe?

Fundi alizungusha sproketi mkononi. "Mzee, hii ni ya gurudumu. Nyani wako ana gurudumu?"

Nikamweleza. Nikachora chini kwa kidole. Wateja wake wakasogea. Mmoja akaniita profesa. Fundi akaweka chini miwani yake akaanza kunifundisha kama mtoto, na mimi nikaitikia "enhe, enhe" kama mtu anayejua lakini anataka kusikia tena. Akachukua kipande cha nondo akakigusisha kwa grainda: cheche ndefu, zimenyooka, zinazimika. Akachukua kipande cha springi ya lori: cheche fupi, zinapasukapasuka na kutawanyika. Akasema hapo ndipo unajua chuma. Nondo ni laini, utainoa leo, kesho imepinda. Springi ndiyo chuma cha makali, ndiyo inayofuliwa simi za kiunoni. Lakini hata springi, ukiikandamiza kwa grainda mpaka igeuke buluu, umeiua. Ugumu umetoka, imebaki sura. Nikauliza kuhusu upanga unaowaka moto saa zote. Alinitazama kwa muda. "Huo ni wa kuchomea mahindi."

Akaanza kuunganisha. Stima ikapotea.

Tukakaa. Jua likasogea. Hapo nikawaza tena wale jamaa wa 2277. Mabomu yameanguka, mitambo imelipuka, miaka 200, na bado anaingia kwenye kibanda kibovu, anabonyeza kitufe, chuma kinaungana. Sisi waya mmoja umeguswa na tawi la mwembe na shughuli zote zimefungwa. Stima iliporudi, fundi alimalizia akiwa na haraka, na rodi alizotumia akanitoza mimi, pamoja na ile iliyoharibika stima ilipokatika. Salio anadai mpaka leo. Ameshika kerea ya baiskeli yangu kama dhamana.

Nilipopita dukani nikiwa nimebeba kile kitu begani, wazee walinyamaza. Walinyamaza vibaya.

Hapa nikuombe tusimame kidogo, kwa sababu nakuandikia kutoka Tarasaa na siwezi kujifanya sijui. Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa huku kwetu, zaidi ya watu 50 waliuawa katika shambulio moja, wengi wao wanawake na watoto. Washambuliaji walitumia mapanga, mikuki, mishale na moto. Hakuna aliyehitaji kufunga sproketi kwenye paipu. Kwenye gemu panga ni silaha ya maskini, unalitupa ukipata chenye taa na mlio. Mpwa wangu alikuwa mdogo sana mwaka huo. Juzi aliniuliza kwa nini nikienda shamba panga nalifunga kwa gunia, na nikikutana na mtu njiani nalihamishia mkono wa mbali. Nikamwambia ni mazoea tu. Akarudi kwenye laptopu yake. Nami nikapita njia ya nyuma ya nyumba na lile dude, nikalilaza chini ya mkeka.

Alfajiri nikaenda nalo kwa nyani.

Walikuwa wameshafika. Nyani mkubwa amekaa juu ya kichuguu anamenya hindi kwa utaratibu, gamba moja baada ya jingine, mtu aliyelelewa vizuri. Nikamkaribia. Hakuondoka. Nikainua. Yaani nilianza kuinua. Paipu ile na sproketi mbele yake ina namna ya kukuomba ufikirie upya. Nikaipata begani, nikapumua, nikazungusha. Sproketi ikapita hewani ikiwa na nia kamili, ikapita mahali nilipotaka iishie, ikaendelea, na mimi nyuma yake, mguu mmoja juu, ndala moja imebaki kwenye tope. Nilitua kwenye mfereji kwa mgongo. Maji yalikuwa ya baridi. Nikafungua macho. Nyani alikuwa amesimama wima kunitazama vizuri, hindi mkononi, na nakuapia aliacha kutafuna.

Kisha akaendelea kutafuna.

Kilichowafukuza ni mtoto wa jirani. Msichana wa darasa la tatu. Alikuja na debe na kijiti, akapiga debe, nyani wote wakaondoka, hata yule mkubwa, ingawa huyo aliondoka bila haraka na akachukua hindi la njiani. Msichana akaniona mferejini. "Shikamoo." Nikaitikia marahaba nikiwa nimelala. Ungefanya nini?

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mpwa wangu aliniuliza kama nilitumia "hevi ataki". Mama watoto hakuuliza kitu. Alichukua ile paipu, akaichomeka uwanjani, akamfunga mbuzi. Mbuzi akang'oa. Sproketi ikamfuata mpaka kwa jirani, imelima mistari miwili ya mchicha, na mchicha ule nimeulipa.

Sasa nisikie vizuri maana hapa ndipo nina uchungu. Siku nzima nimekaa natazama hao mafundi wa mwisho wa dunia. Roketi wanayo. Moto wanao. Mnyororo wanao. Mpini hakuna anayeuzungumzia! Mtu anachukua kisu cha mashine ya nyasi, anazungushia kitambaa upande mmoja, anaita panga. Kwenye ile Fallout ya New Vegas ya 2010 jeshi zima linatembea na mapanga ya namna hiyo. Jeshi zima! Umewahi kukata kuni kwa chuma kilichozungushiwa kitambaa? Jasho likiingia kinateleza. Mkono unatoka lengelenge kabla ya kuni kukatika. Halafu kila kishindo cha chuma kinarudi kwenye kiwiko. Panga la dukani lina ulimi wa chuma unaoingia katikati ya mpini, na ribiti tatu zinazobana. Jembe lina tundu na kabari. Shoka lina kabari, na usiku unaliloweka kwenye maji ili mti uvimbe. Kazi yote ya mhunzi ni bure kama mahali pa kushika ni pabaya, na huko kwao hapo pa kushika pamefungwa kwa tepu. Tepu ya miaka 200! Mimi nina tepu ya mwaka jana kwenye droo, imeshakuwa asali.

Na kwenye gemu nyingine silaha inavunjika ovyo. Kuna ile The Last of Us, ya 2013. Mtu ana paipu ya chuma, anawapiga nayo watu wachache, paipu imevunjika. Paipu! Huku panga unarithi. Linanolewa kwa tupa mpaka bapa linakuwa jembamba, linakuwa kisu cha jikoni, linakuwa cha kuchimbia mihogo, na bado kuna mtu ataliazima asirudishe. Chuma hakiishi. Kinachokufa ni mpini.

Kama wangu. Panga langu, lile la kweli, la gunia, ribiti mbili zimetoka na upande mmoja wa mpini umekwenda na maji ya mfereji siku ile ile. Kununua jipya siwezi, pesa imekwenda kwenye rodi na mchicha. Mpwa wangu karudi chuoni na chaja ya simu yangu. Kushika bila mpini nimejaribu, ona kiganja.

Inatakiwa tyubu ya baiskeli. Unaikata kamba ndefu, unavuta kwa nguvu, unazungusha mpaka juu, unachomeka ncha ndani. Hiyo hailegei. Sasa baiskeli yangu tyubu yake ndiyo inayotembea, na kerea iko kwa fundi. Kama unayo iliyotoboka, imetupwa nyuma ya nyumba, nitumie kwa mtu wa boda yeyote anayekuja Tarasaa. Usimwambie ni ya nani. Akijua ni yangu atadhani nataka tangi.